Ganzi Ijayo Baada ya "Kupona"

Wagonjwa wetu wa saratani aghalabu huyaita matibabu ya mionzi "kuchomwa". Mimi si tabibu. Kazi yangu ni maneno, na neno hilo limenitatiza kwa muda mrefu. Anayechomwa huumia papo hapo, jeraha likafunga, akasahau. Mionzi haina uungwana huo.

Saratani ya titi inapotibiwa kwa mionzi, yamkini neva zitokazo shingoni kupitia kwapani hadi mkononi zikaguswa. Kovu hujengeka polepole kuzizunguka, na vishipa vya damu vinavyozilisha vikaharibika. Hupita miezi, mara nyingi miaka, pengine hata 20. Kisha vidole hufa ganzi, mkono ukalegea, mwalimu akaponyokwa na chaki mbele ya darasa. Hakuna dawa ya kuzirudisha neva hizo katika hali yake ya awali.

Nchini Uingereza, wanawake waliofikwa na masaibu hayo waliunda chama mwaka 1991. Kifupisho cha jina lake, RAGE, maana yake kwa Kiingereza ni ghadhabu, wala sidhani ilisadifu tu. Malalamiko yao yalizaa uchunguzi wa kitaalamu, ambao ripoti yake ilitolewa mwaka 1995.

Hapa kwetu, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ilibeba mzigo wa tiba hii kwa miaka mingi. Sasa mashine zimefika Nakuru, Mombasa na Garissa. Hiyo ni heri kubwa, na asiikimbie mtu kwa sababu ya makala haya: saratani huua, ganzi haiui. Lakini kadiri wanaookoka wanavyoongezeka, ndivyo watakavyoongezeka wenye ganzi.

Mama aliyeambiwa "umepona" atakwenda zahanati ya karibu baada ya miaka saba. Hataitaja mionzi, madhali "kuchomwa" kulikwisha zamani. Na mhudumu asipouliza, atampa vidonge vya baridi yabisi. Ilhali alistahili kuchunguzwa, ijulikane kama ni mionzi au saratani iliyorejea.

Fomu za idhini nilizopata kuziona ziliandikwa kwa Kiingereza. Nadai kila mgonjwa arudi nyumbani na karatasi ya Kiswahili inayotaja sehemu iliyopigwa mionzi, kipimo na mwaka. Sentensi ya mwisho tumekwisha kuiandika na wanafunzi wangu, kwa muda usiotimia saa moja: "Ukihisi ganzi au udhaifu mkononi, hata miaka 20 ikipita, mwambie daktari kwamba ulitibiwa kwa mionzi."