Geji ya lori si ya pikipiki

Mimi huchanja kuku. Kwa miaka 14 nimepanda pikipiki kutoka Kibwezi, nikavuka daraja la mto Athi kuingia Kitui, nikapita Ikutha hadi Mutomo, kisanduku cha barafu kikiwa kimefungwa nyuma kwa mpira. Ndani yake mna chanjo ya kideri, ugonjwa unaoweza kufagia kuku wa boma zima kwa siku chache. Chanjo haitaki joto, na huku kwetu joto ndilo mwenyeji. Kila dakika ninayokaa chini ya mgunga nikingoja pancha izibwe, barafu inayeyuka.

Ndiyo maana nina neno kuhusu geji ya kupimia upepo wa tairi. Wengi huona ni kidude cha anasa. Mwendeshaji wa bodaboda akitaka kujua hali ya tairi yake huipiga teke la kisigino, na fundi huibonyeza kwa kidole gumba, kisha husema iko sawa. Kidole gumba hakiwezi kutofautisha tairi yenye upepo wa PSI 25 na yenye 38. Nimewajaribu mafundi watatu kwa nyakati tofauti, watu wenye mikono ya kazi na ujuzi wa miaka, na wote watatu walikosea.

Mwezi Oktoba mwaka juzi, wiki moja kabla mvua za vuli hazijaanza, niliweka upepo kwenye kibanda kimoja kando ya barabara kuu ya Mombasa. Geji ya pale ilikuwa kubwa kama kisahani cha chai. "Mwaitu, nimekuwekea thelathini," kijana akaniambia, nami nikamshukuru nikaondoka. Kwenye lami sikuhisi lolote. Baada ya Ikutha nikaiacha lami, nikashika njia ya kuelekea mto Tiva. Pikipiki ikaanza kurukaruka kwenye changarawe, na nilipofika kwenye mchanga mzito gurudumu la nyuma likateleza kando kama sabuni. Nilianguka taratibu, sikuumia. Lakini kifuniko cha kisanduku kilifunguka, na chupa za chanjo zikalala kwenye mchanga wa saa saba mchana. Bomani akina mama walikuwa wamewafunga kuku miguu tangu alfajiri wakinisubiri. Niliwaambia wawafungue.

Jioni, tairi ikiwa imepoa, mwalimu mmoja aliniazima geji yake. Gurudumu la nyuma lilisoma 44.

Simlaumu yule kijana, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Wateja wake ni malori yanayopanda na kushuka kati ya Mombasa na Nairobi. Tairi ya lori hujazwa upepo wa PSI 100 na zaidi, kwa hiyo geji yake imetengenezwa kwa kazi hiyo, na kipimo chake hufika 160 au hata 220. Geji ya mshale ya kawaida, hata ikiwa mpya na nzima, huruhusiwa kukosea kwa asilimia ndogo ya kipimo chake chote, si ya ule upepo unaoupima. Chukua kosa la asilimia 2. Kwenye geji ya 160, kosa hilo ni PSI 3 na kitu. Kwenye geji inayoishia 60, ni 1 na kitu. Tena geji nyingi za mshale husema kweli zaidi katikati ya uso wake kuliko pembeni. Pikipiki yetu inahitaji 25 au 30, na kwenye geji ya lori nambari hizo zimebanana kule chini mwanzoni, mahali ambapo mshale huyumba na mistari haisomeki. Zidisha vumbi, zidisha kuangushwa mara mia, ndipo 44 inaitwa 30.

Kwa hiyo ukienda kununua, jambo la kwanza la kutazama ni nambari ya mwisho usoni. Iwe 60. Muuzaji atakuonyesha ile ya 100 au 160 akisema inapima kila kitu, gari na trekta. Mwachie. Hata mama anayeuza ndengu kwenye soko la mji wa Wote hapimi kilo moja kwenye mizani ya kupimia magunia.

Aina ziko tatu. Ile ya kalamu, ambayo upepo husukuma kijiti nje, ni rahisi na haina cha kuvunjika, ila mchanga ukiingia kijiti hukwama na kukudanganya. Ile ya dijitali husomeka vizuri hata gizani, lakini betri yake ndogo ya mviringo ikiisha ukiwa Zombe au Kyuso, si kila duka litakuwa nayo. Mimi nilichagua ya mshale. Ndani yake mna bomba jembamba la metali lililopindwa kama mundu. Upepo ukiingia bomba hujaribu kunyooka, na kule kunyooka kidogo ndiko kunakousogeza mshale. Mfaransa Eugène Bourdon alisajili uvumbuzi huo mwaka 1849 ili kupima mvuke wa mitambo, na hadi leo ndio ulio kwenye geji nyingi za mitungi ya gesi na za kompresa. Adui yake ni kuanguka. Nunua iliyovalishwa mpira mnene, kisha uifunge ndani ya kitambaa, usiitupe chini ya kiti pamoja na spana.

Hakikisha ina kibomba kirefu cha mpira na kichwa kilichopinda. Gurudumu la nyuma la pikipiki lina spoki, ngoma ya breki upande mmoja na gia ya cheni upande wa pili. Geji iliyonyooka haikai sawasawa kwenye valvu, upepo unavuja kwa mlio, na unachosoma ni uongo. Tyubu yetu ni ndogo, kila mvujo una maana. Kiwepo pia kitufe cha kupunguzia upepo kidogo kidogo huku ukitazama mshale.

Kabla ya kulipa, tazama kama mshale umelala kwenye sifuri. Usipolala, irudishe. Kisha omba geji nyingine mbili za dukani mpime tairi moja. Mbili zikikubaliana na moja ikapinga, umeshajua ya kuacha. Yangu niliinunua Wote kwa shilingi 850 baada ya kukataa nne, na muuzaji alikasirika.

Kupima nako kuna saa yake. Kitabu cha pikipiki yangu, ya cc 150 kama zilivyo nyingi za bodaboda, kinasema mbele 25, nyuma 28 nikiwa peke yangu na 32 nikibeba mtu. Nambari hizo ni za tairi baridi, kabla ya safari au baada ya kusimama kivulini kwa saa tatu hivi. Jaza 28 alfajiri Kibwezi kukiwa na nyuzi 20. Mchana, lami na mwendo vikiipasha tairi hadi nyuzi 50, upepo ule ule utasoma 32. Hakuna aliyeuongeza. Nimewaona vijana Mtito Andei wakipunguza upepo mchana eti tairi isipasuke. Wakishusha hadi 28 wakati huo, kesho asubuhi wana 24, na kwa 24 wanabeba abiria wawili na gunia la maembe. Tairi laini chini ya mzigo hujikunja, hupata joto, na tyubu hung'oka kwenye valvu. Hapo ndipo mtu huangushwa kwa kasi, na kwenye lami si kama mchangani.

Mchangani mimi hushusha kidogo kwa makusudi ili tairi itanuke na kushika, kisha nikirudi lami ninajaza tena kwa pampu ya mguu. Bila geji yangu mwenyewe nisingethubutu.

Lakini si haki mzigo huu wote kumwachia mwenye pikipiki. Kenya tuna Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, na Katiba ya 2010 iliyakabidhi magatuzi usimamizi wa biashara ya haki masokoni. Maafisa wa vipimo huja kukagua na kupiga mhuri mizani ya ndengu na mahindi, maana mkulima akiibiwa gramu 50 ameonewa. Ni kweli, ameonewa. Na yule anayekabidhiwa tairi ya 44 akiambiwa ni 30? Wataalamu wa vipimo duniani hawakulidharau jambo hili. Shirika la kimataifa la sheria za vipimo, OIML, lenye makao yake Paris, lilitoa pendekezo maalumu kuhusu geji za tairi za magari mwaka 1975.

Ninaziomba serikali za kaunti za Makueni na Kitui kitu kidogo. Afisa wa vipimo anapokuja sokoni na mawe yake ya kukagulia mizani, abebe pia geji moja iliyothibitishwa. Aite mafundi wa pancha wa soko hilo walete zao, bila malipo na bila faini, walinganishe. Itakayosema kweli ipigwe mhuri. Isiyosema kweli, fundi aambiwe inapotoka kwa kiasi gani, au ashauriwe aiweke kando kwa ajili ya malori na anunue ya 60 kwa pikipiki. Kazi hiyo haimalizi asubuhi moja. Waanzie Kibwezi, Emali, Mwingi na Mutomo, na waanze kabla ya mvua za vuli.