Lusitania Pekee Haikuiingiza Marekani Vitani

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwalimu mchanga wa historia, mwanafunzi wa kidato cha nne aliniuliza swali ambalo sikulijibu. Nilikuwa nimeandika ubaoni kwamba Marekani ilijiunga na Vita vya Kwanza vya Dunia kwa sababu Wajerumani waliizamisha Lusitania, meli ya abiria ya Waingereza. Akanyosha mkono. "Mwalimu, meli ilizama Mei 1915, nao Wamarekani wakatangaza vita Aprili 1917. Walikuwa wakingoja nini?" Darasa likaangua kicheko. Nikamwambia aandike kama kitabu kisemavyo, kwani ndivyo watahini watakavyo. Katika mtihani wa mwisho wa muhula akaandika vingine, nami nikamnyima alama.

Swali lile halijanitoka akilini. Lau ningelijibu siku ile, ningeanzia Agosti 1914, wala si Mei 1915.

Mwezi huo Rais Woodrow Wilson alitangaza kwamba nchi yake haitaegemea upande wowote, akawasihi raia wasipendelee hata moyoni. Sioni sababu ya kumshuku. Marekani ilikuwa nchi ya wahamiaji. Mamilioni ya watu wake walikuwa na asili ya Ujerumani, na Waayalandi wengi waliokuwa huko hawakuwa na mapenzi na Uingereza. Kuchagua upande kungewagonganisha raia wenyewe kwa wenyewe.

Hata hivyo, sheria ya mataifa ilimruhusu mfanyabiashara wa nchi isiyopigana kuwauzia wapiganaji wa pande zote mbili. Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama. Duka lilikuwa wazi kwa wote, lakini manowari za Uingereza zilikuwa zimefunga njia ya baharini iendayo Ujerumani, kwa hiyo mteja mmoja tu ndiye aliyeweza kufika. Biashara ya Marekani na Uingereza na wenzake ilipanda kutoka dola milioni 800 hivi mwaka 1914 hadi zaidi ya bilioni 3 mwaka 1916, ilhali ile ya Ujerumani ilikauka. Wilson aliwaandikia Waingereza barua za malalamiko, lakini hakuwabana.

Kisha wateja wakaishiwa na fedha. William Jennings Bryan, aliyekuwa Waziri wa Mashauri ya Kigeni, alikuwa ameonya tangu mwanzo kwamba kuwakopesha wapiganaji ni kinyume cha msimamo wa nchi. Onyo lake lililegezwa kidogo kidogo, na mwaka 1915 Uingereza na Ufaransa zikapata mkopo wa dola milioni 500 mjini New York. Kufikia mapema mwaka 1917 upande huo ulikuwa umekopeshwa zaidi ya dola bilioni 2, na Ujerumani chini ya milioni 30. Wahenga walisema vita vya panzi ni neema ya kunguru, lakini kunguru huyu alikuwa amewakopesha panzi wa upande mmoja, na kushindwa kwao kungekuwa hasara yake.

Hebu sasa tuyatazame mambo kwa jicho la Mjerumani aliyekuwa akifa njaa. Kila meli iliyovuka Atlantiki ilimletea adui yake ngano, mafuta na risasi. Silaha aliyokuwa nayo ya kuzizuia ni nyambizi. Ndivyo Lusitania ilivyozama tarehe 7 Mei 1915 karibu na pwani ya Ireland, wakafa watu 1,198, wakiwemo Wamarekani 128. Ulikuwa ukatili usio na udhuru. Lakini shehenani mlikuwamo pia risasi za bunduki, jambo ambalo vitabu vyetu aghalabu hulipitia kimyakimya. Bryan aliona kwamba ni dhuluma kumkemea vikali mwenye nyambizi huku mwenye kuzuia chakula akibembelezwa. Wilson alipokataa hoja hiyo, akajiuzulu Juni 1915. Kwangu mimi, huyu ndiye mtu anayesahauliwa kuliko wote katika somo hili.

Vita havikutangazwa. Ujerumani ilirudi nyuma, na mwaka 1916 ikaahidi kutozamisha meli za biashara bila onyo. Novemba mwaka huo Wilson alichaguliwa tena, wafuasi wake wakijivunia kwamba amewaepusha raia na vita.

Miezi mitano baadaye alikuwa vitani. Januari 1917 wakuu wa Ujerumani waliamua kuzirudisha nyambizi baharini bila masharti kuanzia tarehe 1 Februari. Walijua vyema kwamba Marekani ingeingia vitani. Walikisia kwamba Uingereza ingesalimu amri kwa njaa kabla askari wa Marekani hawajafika. Machoni pao, nchi iliyokuwa ghala na benki ya adui ilikuwa imekwisha kuingia vitani. Lililobaki ni tangazo tu. Waziri wao wa kigeni, Zimmermann, akaiahidi Mexico kwa siri msaada wa kuyatwaa tena majimbo ya Texas, New Mexico na Arizona. Waingereza wakaifumbua simu hiyo, na magazeti yakaichapisha tarehe 1 Machi. Katikati ya mwezi meli kadhaa za Marekani zikazamishwa. Mnamo Aprili Seneti ilipiga kura 82 kwa 6, na Bunge la Wawakilishi 373 kwa 50.

Sisemi kwamba mabenki yaliinunua vita hivyo. Wamarekani wengi waliamini hivyo katika miaka ya 1930, wakatunga sheria za kupiga marufuku silaha na mikopo kwa wapiganaji. Dai hilo nalo ni jibu la mstari mmoja, kama lile langu la ubaoni. Novemba 1916 Bodi ya Benki Kuu ya Marekani yenyewe iliwaonya wenye fedha wasiendelee kukopesha bila dhamana, na Uingereza ikatetemeka. Mlango wa kutokea ulikuwapo hadi dakika za mwisho, na nyambizi za Ujerumani ndizo zilizoufunga.

Siku hizi, kabla sijaitaja Lusitania, naandika ubaoni tarehe mbili tu, 7 Mei 1915 na 6 Aprili 1917, kisha naketi ningoje mkono unyoshwe.