Kopo la Dawa Hulia

Kopo la dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hulia likitikiswa, na ndiyo maana wapo wanaotoka kliniki ya tiba na matunzo, wakafunga vidonge kwenye karatasi na kulitupa kopo kabla ya kupanda daladala. Anayefichwa mara nyingi si jirani, ni mtu wa nyumbani. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 inamtaka aliyekutwa na virusi amweleze mwenzi wake mara moja. Kuwaeleza wazazi, ndugu na mashemeji ni hiari yake, na mtoa huduma anabanwa na siri. Washauri huhimiza kuanza na mtu mmoja anayejua kutunza neno. Mtoto aliyezaliwa na virusi huelezwa kidogo kidogo kadiri anavyokua, maana anayedanganywa kila siku kuwa anameza dawa ya kifua atagundua mwenyewe, pengine darasani, mbele ya wenzake. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Siku hizi anayemeza dawa barabara huumbuliwa na kengele ya simu ya saa tatu usiku. Lakini familia inayomtengea mtu kikombe na sahani ndiyo iliyomfundisha kuficha, na haina haki ya kulalamika kwamba haikuambiwa. Virusi hivi haviambukizwi kwa kikombe, na aliyefubaza virusi hadi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana.