Uza plasta ya mkaa, acha kuuza "inavuta sumu"

Leo nina neno kuhusu plasta za mkaa na mitishamba, maana kwenye magrupu yetu ya Dodoma zimejaa. Kuna zile za kubandika mgongoni, shingoni na kwenye goti, na kuna zile za kubandika unyayoni usiku. Mimi za mgongo nauza. Za unyayoni siuzi. Wengi wenu mnazitangaza zote kwa maneno yale yale: inavuta sumu zote mwilini, inatibu presha, sukari na miguu kuwaka moto.

Kwa maoni yangu plasta haina shida kubwa. Shida ni hilo neno "sumu".

Mkaa wa dawa huandaliwa kwa joto kali mpaka unakuwa na vitundu vidogo vidogo visivyohesabika, na vitu vingi vinavyougusa unavinasa. Ndiyo maana hospitali wanaweza kumnywesha mtu aliyemeza sumu, tena mapema, kabla haijaingia kwenye damu. Pale tumboni mkaa na sumu vinakutana. Ukiubandika mgongoni, katikati kuna ngozi, na ngozi imewekwa kuzuia vitu visipite ovyo. Mkaa hauwezi kufikia sukari iliyo kwenye damu. Utanyonya jasho na harufu, basi. Na wale mnaosaga mkaa wa jikoni mkachanganya na mwarobaini mkafunga kwenye kitambaa, huo si mkaa wa dawa. Una majivu, na majivu yakilowa yanaunguza ngozi.

Sasa mbona mteja anasema amepata nafuu? Soma kiboksi. Utakuta mentholi, kafuri, au kiungo kinachotoka kwenye pilipili. Hivyo ndivyo vinavyoleta ule ubaridi au moto kwenye ngozi, na maumivu yanapungua kwa muda. Zile zinazopata joto zenyewe ukichana paketi zina unga wa chuma, chumvi na mkaa. Hewa ikiingia chuma kinashika kutu haraka, na kazi hiyo inatoa joto. Joto kwenye misuli iliyokaza linasaidia kweli, bibi zetu walikuwa wanakanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Kwa hiyo una kitu halali cha kumuuzia dereva bodaboda aliyeshinda kwenye pikipiki kutoka Nala mpaka Ihumwa, au mama aliyeinama siku nzima Hombolo akivuna zabibu, au kijana anayebeba magunia pale Majengo. Hawa hawahitaji kuambiwa habari za sumu. Mgongo unauma, wanataka walale.

Za unyayoni ni hadithi nyingine. Asubuhi inatoka nyeusi, mteja anashangaa, anapiga picha anakutumia, na wewe unaiposti kama ushahidi. Hebu chukua mpya, idondoshee maji ya uvuguvugu kidogo. Itageuka rangi hapo hapo mezani. Nyingi zina unga wa siki ya mianzi au ya miti, ukipata unyevu unakuwa mweusi, na mguu uliofunikwa usiku kucha lazima utoke jasho. Marekani waliokuwa wakiziuza kwa jina la Kinoki kwenye televisheni walishtakiwa na tume ya biashara ya huko mwaka 2009 kwa madai hayo hayo ya kutoa sumu, na 2010 wakapigwa marufuku.

Mwezi Juni mzee mmoja wa Kizota alinitumia ujumbe akitaka viboksi vitatu. Nikamuuliza, shikamoo mzee, unaumwa wapi? Akatuma picha. Kidonda chini ya kidole gumba, na ana sukari ya miaka mingi. Anasema, mwanangu, hakiumi kabisa. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu sukari ikikaa muda mrefu inaua hisia za miguu, na kidonda kisichouma kinaoza kimya kimya. Ukikifunika na plasta wiki mbili, mguu unaweza kukatwa. Nikamwambia siuzi, nenda hospitali leo, usisubiri kesho. Akanijibu nina maringo, atapata kwa mwingine. Elfu ishirini na nne ikaenda. Sijui kama alikwenda hospitali au alikwenda kwa mmoja wenu.

Najua mtaniambia fulani anauza hivyo hivyo na mzigo wake unaisha. Sawa, unaisha. Lakini mwangalie kama ana wateja wale wale mwezi wa tatu. Aliyeahidiwa kupona sukari harudi, na anawasimulia kanisani na msikitini.

Halafu kuna sheria. Ukishaandika "inatibu", umeshaiita dawa, na dawa iko chini ya TMDA, ambao wako hapa hapa Dodoma. Ukiiita ya asili, kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002. Wengine wanachanganya kwa sababu tangu 2019 vipodozi vilihamia TBS, wanadhani kila kinachogusa ngozi ni kipodozi. Kabla hujachukua mzigo Kariakoo, muombe muuzaji namba ya usajili. Akikuambia "hii ni asili haihitaji", rudisha hela mfukoni.

Mimi naandika hivi: "Plasta ya joto kwa mgongo na shingo iliyochoka. Inatuliza kwa saa kadhaa. Haitibu ugonjwa." Inauzika. Kabla ya kupokea hela nauliza kama mtu ana sukari, ni mjamzito, au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, maana baadhi ya plasta zina kiambato kinachogombana na dawa hizo. Ukijibiwa ndiyo, mwambie aulize kwanza kwa daktari au mfamasia. Mtoto simuuzii. Kwenye kidonda au ngozi iliyochubuka haibandikwi, na kipupwe hiki cha kwetu ngozi zinapasuka, kwa hiyo mwambie ajaribu kipande kidogo ndani ya mkono nusu saa. Ikiwasha, aitoe. Anayetafuta dawa ya muwasho usimpe plasta, gundi yenyewe inaweza kumuwasha zaidi. Na za joto asilale nazo, zinaunguza mtu akiwa usingizini.

Mzigo ukifika na basi, zipapase zote kabla hujasaini. Paketi ya joto iliyotoboka inakuwa ngumu kama biskuti, hiyo imeshamaliza joto lake njiani. Mrudishie aliyekuuzia.