Bastola chuoni: je, mwanafunzi mwenye kibali angeokoa wenzake?

Kila watu wenye silaha wanapovamia chuo, hoja ile ile hurudi: mwenye kibali cha kumiliki bastola aruhusiwe kuingia nayo darasani, ameificha kiunoni, ili siku ya hatari asife mikono mitupu. Nchini Marekani hoja hiyo imekuwa sheria katika majimbo kadhaa. Texas ilianza kuiruhusu katika vyuo vikuu vya umma tarehe 1 Agosti 2016, miaka 50 kamili tangu mtu mwenye bunduki alipopanda mnara wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin na kuwamiminia risasi waliokuwa chini.

Kwetu Afrika Mashariki hoja hii si ya kuchekwa, na sababu yake ni Garissa.

Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, wapiganaji wanne wa al-Shabaab waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya. Waliwaua walinzi getini, wakawapiga risasi wanafunzi waliokuwa kwenye sala ya asubuhi, kisha wakajifungia na wengine bwenini. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Kikosi maalumu cha polisi, Recce, kilikuwa Nairobi kikisubiri ndege kwa saa kadhaa. Kilipoingia bwenini jioni, kazi ilimalizika kwa muda mfupi. Swali la mzazi yeyote ni hili: na zile saa zote za katikati?

Wanaotetea bastola vyuoni hujibu hapo hapo, na wana mfano mzuri. Septemba 2013, jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi liliposhambuliwa, miongoni mwa watu wa kwanza kuingia walikuwamo raia wenye bastola za kibali, pamoja na polisi wachache waliovaa kiraia. Waliwatoa watu wengi hai. Ni kweli tupu, na anayepinga hoja hii akiruka Westgate hajadili kwa haki.

Lakini Westgate ina upande wa pili. Wanajeshi walipofika, wao na polisi walirushiana risasi kwa kutotambuana, na afisa wa polisi akafa. Hao ni watu wa kazi hiyo. Sasa weka vijana ishirini wenye bastola katika bweni lenye giza, kila mmoja akisikia mlio kutoka chumba cha pili.

Hatuhitaji hata kukisia sana. Siku kumi tu baada ya Garissa, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko alfajiri katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wakaruka madirishani. Mmoja alikufa, zaidi ya mia moja wakaumia. Novemba mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la usalama lenye milio ya risasi bila watu kujua kuwa ni zoezi. Mfanyakazi mmoja aliruka akafa. Katika matukio yote mawili hapakuwa na adui. Kama wenye hofu wangekuwa na bastola, wangemlenga nani?

Tuilete sasa Kilole, kata ya mjini Korogwe, mji wenye Chuo cha Ualimu na vijana wengi waliokuja kusoma kutoka mikoa mingine. Nchini Tanzania silaha za raia zinaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwombaji huanzia serikali ya mtaa au kijiji chake, ombi likapita kwenye kamati za ulinzi na usalama na kwa polisi. Maana ya safari hiyo ndefu ni moja: wanaokujua waseme wewe ni mtu wa namna gani. Je, ni mgomvi? Mlevi? Unaishi na nani? Mwenyekiti wa mtaa anaweza kujibu hayo kuhusu mfanyabiashara aliyemwona miaka ishirini. Kuhusu kijana aliyepanga chumba Kilole muhula uliopita, atajibu nini? Na mtaa wa kwao, hata ukimdhamini, hauoni anavyoishi huku.

Halafu kuna suala la mahali pa kuiweka. Vyumba vya hosteli vinalala watu wanne, sita, vitanda vya juu na chini, na mali ya kila mmoja iko ndani ya tranka lenye kufuli dogo. Simu zinaibwa humo kila muhula. Julai 2015 majambazi walivamia kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, wakaua askari na kuondoka na bunduki. Kama kituo cha polisi kilivamiwa kwa ajili ya silaha, tranka la mwanafunzi si kizuizi.

Watetezi wako sahihi kwa jambo moja kubwa: dakika za kwanza ni za waliomo ndani, si za kikosi kinachotoka mbali. Ila Garissa, bastola za wanafunzi zingekabiliana na bunduki za kivita na mabomu ya kujifunga mwilini. Kilichokosekana pale ni ulinzi wa kutosha getini na kikosi cha kufika mapema. Hilo linagharimu fedha za serikali, wakati bastola hununuliwa na mwanafunzi mwenyewe, na pengine ndiyo maana wazo hili linawavutia baadhi ya watu.

Wenye watoto vyuoni Korogwe na Handeni wana maswali ya karibu zaidi ya kuuliza kwenye kikao cha wazazi. Usiku mlinzi yuko na nini zaidi ya kirungu na tochi? Namba ya mkuu wa kituo cha polisi anayo nani? Na bweni lenye nondo madirishani na mlango mmoja unaofungwa saa nne usiku, ufunguo unakaa kwa nani?