Vijana, skrini si ukubwa tu, angalieni rangi

Mwaka jana nilipata mteja wangu wa kwanza wa maana, mama mmoja muuza keki aliyetaka mabango 50. Kwenye laptop yangu rangi ilionekana imepauka, nikaiongeza mpaka ikawa waridi tamu. Mabango yalipotoka kuchapishwa, yalikuwa mekundu kama nyama ya bucha. Mama akakataa kulipa, nami nikabaki na deni la uchapishaji.

Ni kweli wino haulingani kabisa na mwanga wa skrini. Lakini tofauti ile ilizidi. Skrini yangu ndiyo iliyonidanganya.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Sina cheti cha kumwonyesha mteja. Kazi yangu ndiyo cheti, na kazi hiyo naiona kupitia skrini. Kwa hivyo inaniuma nikiona vijana wenzangu wanaofanya dizaini, picha na video wakitumia hela zao zote kwa kibodi ya kuwaka taa, halafu wanaokota skrini yoyote bora iwe kubwa.

Cha kwanza uliza aina ya paneli. TN mara nyingi ni bei ya chini, lakini ukiinama kidogo tu rangi zinageuka. VA ina weusi mzito, unaofaa filamu. Kwa kazi ya rangi tafuta IPS, kwa sababu rangi zake hazibadiliki sana ukikaa upande.

Cha pili, uliza inafikia asilimia ngapi ya sRGB, kile kipimo cha rangi ambacho mtandao mzima hutumia. Ikikaribia 100, uko sawa. Muuzaji akikwambia "45% NTSC", usifurahie. Hiyo ni skrini iliyopauka, kama ile yangu. 72% NTSC ndiyo inayokaribia sRGB kamili.

Cha tatu, usidanganywe na inchi. Skrini ya inchi 27 yenye pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli zilezile za inchi 24, ila zimetanuliwa. Kwa mfuko mdogo, inchi 24 inatosha kabisa.

Na si lazima iwe mpya. Pale Luthuli na Moi Avenue kuna ex-UK nyingi zilizotoka maofisini. Mfano ni Dell U2412M ya mwaka 2011: ni IPS ya inchi 24 na bado inapiga kazi. Ila haina tundu la HDMI, kwa hivyo jua waya utakaohitaji kabla ya kutoa pesa.

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Nenda na laptop yako, uichomeke palepale. Fungua picha nyeupe tupu, uone kama pembeni kuna umanjano. Fungua nyeusi, utafute nukta zinazowaka. Kisha fungua picha ya uso wa mtu unayemjua na uitazame kutoka pande zote. Akigeuka kijivu, shukuru na uondoke.

Kuna watakaosema mteja mwenyewe anatazama kazi kwa simu yenye kioo kilichopasuka, rangi ni ya nini? Sawa, lakini bango likishabandikwa ukutani, kila mpita njia analiona jinsi lilivyo.

Nanyi wauzaji, tunawaomba jambo dogo tu. Andikeni aina ya paneli kwenye kibandiko cha bei, na mturuhusu kujaribu bila kununiwa. Mnatuuzia jembe, si pambo la sebuleni.

Mimi nililipa deni lile kwa miezi mitatu. Skrini ya IPS ya mtumba ingenigharimu chini ya hapo.