Simu ni Yako, Lakini Ufunguo Uko kwa Nani?

Deski yetu ya wateja hupata swali moja mara kwa mara, na kawaida huja na hasira kidogo: "Mbona apu imekataa kufunguka na simu yangu iko sawa kabisa?" Jibu fupi ni kwamba simu hiyo haikupita ukaguzi wa usalama. Jibu refu haliingii kwa SMS. Tumelileta hapa pamoja na maoni yetu, kwa sababu nyuma ya ukaguzi huo kuna jambo linalomhusu kila mtu anayelipa kwa simu: nani hasa anaamua simu yako ifanye nini na isifanye nini.

Tuanzie chini. Kila simu ina mfumo endeshi, yaani ile programu kubwa inayoiamsha simu, kuendesha skrini na kamera, na kuamua apu ipi iguse nini. Kwa Wakenya wengi mfumo huo ni Android. Android imejengwa juu ya Linux, kazi iliyoanzishwa 1991 na mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, ambaye aliuweka msimbo wake wazi ili yeyote ausome, aurekebishe na autumie. Google iliinunua kampuni ya Android mwaka 2005, simu ya kwanza ya Android ikaingia sokoni 2008, na msimbo wa msingi ukaachwa wazi pia. Hilo si jambo dogo. Kama kila mtengenezaji angelazimika kununua leseni ya mfumo, ama kuandika wake kutoka mwanzo, bei za Tecno, Infinix na Itel tunazoziona madukani zingekuwa hadithi nyingine. Mama mboga anayepokea malipo kwa simu ya kugusa anafaidika na programu huria hata kama hajawahi kulisikia neno hilo.

Shida ni kwamba mtu akisikia Android ni huria, anadhani simu nzima ni huria. Sivyo. Mifupa iko wazi, nyama imefungwa. Play Store, Google Play Services inayoleta arifa na kuziambia apu uko wapi, ramani, vyote hivyo ni mali ya Google, na mtengenezaji huvipata kwa mkataba. Dunia iliiona tofauti hiyo Mei 2019, Marekani ilipoiweka Huawei kwenye orodha ya vikwazo vya biashara. Huawei hawakunyang'anywa Android. Ile sehemu ya wazi haina wa kuinyang'anya. Walichokosa ni ruhusa ya kuweka huduma za Google kwenye simu mpya. Mate 30 ikatoka Septemba mwaka huo bila Play Store, na soko lao nje ya Uchina likaporomoka. Simu ilikuwa nzuri, kamera kali, lakini mteja anataka apu zake.

Tume ya Ulaya ilikuwa imeshachokoza jambo hilo hilo mwaka uliotangulia, ilipoitoza Google faini ya yuro bilioni 4.34 kwa masharti iliyowabana nayo watengenezaji wa simu, likiwemo la kuweka Chrome na huduma yake ya kutafuta ndipo wapewe Play Store. Mahakama iliipunguza faini kidogo mwaka 2022, ikawa bilioni 4.125, lakini sehemu kubwa ya uamuzi ikabaki palepale.

Usidhani ni mambo ya makampuni makubwa kupigana yenyewe kwa yenyewe. Januari 2025 wenye simu za Pixel 4a walipelekewa sasisho lililojiweka lenyewe, likapunguza uwezo wa betri kwa baadhi ya simu hizo. Maelezo ya Google yalikuwa kwamba ni kuimarisha utendaji wa betri, na kulikuwa na fidia kwa wateja wa nchi kadhaa. Pengine sababu ilikuwa nzuri. Lakini mwenye simu hakuulizwa. Alilala na simu ya chaji moja kwa siku, akaamka na nyingine.

Sasa turudi kwa ile apu iliyokataa kufunguka.

Unapofungua apu ya malipo, si yetu tu bali nyingi za benki pia, apu hiyo huuliza huduma ya Google swali moja: je, simu hii ni halali? Google huangalia kama mfumo uliowaka ni ule ulioidhinishwa, kama kufuli la mwanzo la simu limefunguliwa, na kama apu yenyewe haijachezewa. Halafu hutuma jibu lenye sahihi yake. Jibu likiwa baya, apu hujifunga.

Tunalitetea kusudi la ukaguzi huu, na hatutafuni maneno. Kuna mafundi, Luthuli Avenue na kila mji wenye kibanda cha simu, ambao watakufungulia simu hadi ndani kabisa ili uweke apu za kulipiwa bila kulipa, ama uondoe zile zilizokuja na simu. Simu iliyofunguliwa hivyo inaweza kuiruhusu apu nyingine ichungulie unachoandika, na unachoandika ni namba yako ya siri. Pesa zikitoka, hutamfuata fundi. Utatufuata sisi, na tutakuwa na kazi ngumu ya kuonyesha nani alibonyeza nini.

Kwa hivyo ukaguzi, ndiyo. Tunachotilia shaka ni swali linaloulizwa.

Hebu chukua simu mbili. Ya kwanza ni Android ya zamani, tuseme toleo la 9, ambalo lilitoka 2018. Mtengenezaji aliacha kuipelekea marekebisho ya usalama miaka kadhaa iliyopita, kwa hivyo mashimo yote yaliyogunduliwa tangu hapo bado yako wazi. Lakini haijaguswa na fundi, kwa hivyo kwa ukaguzi wa kawaida hupita. Ya pili ni Pixel ya ex-UK ambayo mwenyewe, kijana anayejua kazi yake, ameiwekea GrapheneOS. Huo ni mfumo huria uliojengwa juu ya msimbo wa wazi wa Android kwa ajili ya usalama. Hupata marekebisho mapya haraka, na baada ya kuuweka unalifunga tena lile kufuli la mwanzo. Simu hii huanguka mtihani. Si kwa sababu si salama. Ni kwa sababu mfumo wake haumo kwenye orodha ya mifumo iliyoidhinishwa na Google.

Mtihani huo basi unapima nini? Kwa sehemu unapima usalama, na kwa sehemu unapima utii. Kuna kiwango kikali zaidi cha ukaguzi ambacho kwa simu za Android 13 kwenda juu huangalia kama simu imepata marekebisho ya usalama ndani ya mwaka mmoja, na hilo ni swali zuri. Ila sote tunajua lingewafanyia nini wateja wa nchi hii: simu nyingi zinazotumika hapa ni za bei ya chini au za mtumba, na watengenezaji wake huzisahau mapema. Tukikaza hapo, tunawafungia nje watu ambao kosa lao ni kununua simu ya bei wanayoiweza.

Njia ya katikati ipo. Chipu ya simu yenyewe inaweza kutoa cheti kinachoonyesha ni mfumo gani uliowaka na kama kufuli limefungwa, na mwenye apu anaweza kukisoma bila kusubiri Google iseme ndiyo au la. Wanaotengeneza GrapheneOS wamechapisha funguo zao na maelezo ya namna ya kufanya hivyo. Gharama yake ni kwamba lazima mtu akae na orodha ya mifumo anayoiamini, aichunguze, aifute ikiharibika. Ni kazi. Lakini kampuni inayoshika pesa za watu si ndiyo inayofaa kuifanya kazi hiyo? Maoni yetu ni kwamba sekta ya malipo Kenya, sisi tukiwemo, isikabidhi uamuzi wa nani alipe na nani asilipe kwa kampuni moja iliyo California, ambayo nayo ina huduma yake ya malipo ya kuuza.

Na tunasema hivyo tukikumbuka tulikotoka. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, haikuwa apu. Ilikuwa menyu iliyokaa ndani ya laini yenyewe. Ukiwa na kabambe ya tochi ama simu ya bei ghali, menyu ilikuwa moja na pesa ilifika vilevile. Mfumo endeshi wa simu haukuulizwa chochote. Tunaamini sehemu kubwa ya mafanikio ya pesa za simu hapa ilitokana na hilo: hakuna mtengenezaji wa simu aliyekuwa na ufunguo wa mlango. (Mwenye laini alikuwa nao, na huo ni mjadala wa siku nyingine.) Ndiyo maana kila mtu anaposema huduma za kubonyeza nyota ni za kizamani na zizimwe, sisi huwa hatuko upande huo. Ziko taratibu, hazina picha, na sura yake inachosha. Lakini hazimwulizi mama wa Kitui kama simu yake imeidhinishwa.

Kuna jambo jipya la kuangaliwa kwa makini. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba kuanzia Septemba 2026, kwa Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, apu yoyote itakayowekwa kwenye simu iliyoidhinishwa lazima iwe imetoka kwa mtengenezaji aliyejisajili kwao na kutambulishwa, hata kama hakupitia Play Store. Nchi nyingine zitafuata kuanzia 2027. Baada ya kelele nyingi, zikiwemo za F-Droid wanaosambaza programu huria, Google ikasema Novemba hiyo kwamba wanaoelewa hatari wataachiwa njia ya kuendelea.

Sisi kama kampuni ya malipo tungeweza kupiga makofi tu. Google inasema ilikuta programu hasidi mara 50 zaidi kwenye apu zinazotoka mitandaoni kuliko za Play Store, na hatuna shida kuamini. Faili la apu linalotumwa WhatsApp likijiita la mkopo wa haraka ni mtego. Lakini simu nyingi za malalamiko tunazopokea hazihusu apu ya ajabu. Zinahusu mtu aliyepiga akasema "nimekutumia pesa kimakosa", ama aliyejifanya ni wa kutoka kwetu akaomba namba ya siri. Kusajili watengenezaji wa apu hakumgusi mkora huyo. Wakati huohuo, mwanafunzi wa Eldoret anayeandika apu ndogo ya hesabu za chama chao atahitaji kujitambulisha kwa kampuni ya ng'ambo kabla mwenzake wa chama hajaiweka kwa simu bila vikwazo. Usalama ni hoja ya kweli, na pia ni hoja inayofaa sana kwa anayetaka kushika lango. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli kwa mara moja.

Kwa wenye maduka na cyber, jambo hili limeshawafikia kwa mlango mwingine. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zinazofanya kazi vizuri hazikubaliki kwa Windows 11 kwa sababu ya chipu tu. Kabla hujanunua nyingine, jua kwamba Linux Mint au Ubuntu huwekwa bure na hupata marekebisho ya usalama, na kurasa za malipo za wafanyabiashara hufunguka kwa kivinjari chochote cha kisasa. Kama mashine ni ya kazi za mtandaoni, barua na kuchapisha, jaribu kwanza. Printa ndiyo huleta kichwa ngumu, kwa hivyo ijaribu mapema.

Na kama simu yako ni ya kulipia mdogo mdogo, elewa kwamba hadi umalize deni, anayekukopesha ana uwezo wa kuifunga kutoka mbali. Hayo ni makubaliano, sawa, lakini uliza kabla ya kutia sahihi: kufuli linaondolewa siku gani baada ya malipo ya mwisho, na nani analiondoa? Taka jibu kwa maandishi.

Ukinunua simu ya mtumba, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, utazame tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Kama imepita miaka miwili, shusha bei ama tafuta nyingine. Ukiiwasha upya ikaonyesha onyo kwamba kufuli limefunguliwa, mwulize muuzaji ni nani aliyelifungua na kwa nini, maana huenda apu za benki zikakataa.

Na apu ikikataa, tuandikie. Tutajie aina ya simu, toleo la mfumo, tarehe ya sasisho hilo, na kama umebadilisha mfumo tuambie ni upi, hatutakugombeza. Tunayakusanya majibu haya kwa sababu ndiyo tutakayoyatumia kuamua mifumo ipi ya kuanza kuichunguza. Namba yako ya siri usiitume. Hatutaiomba, na yeyote atakayeiomba si sisi.